Mtoto wa mbwa wa wiki nane anajisaidia kila kona ya nyumba, nimpangieje kula na haja?

Baba Rehema (Tabata)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wazoefu. Jumamosi iliyopita nimepewa mtoto wa mbwa dume, aliyenipa anasema ametimiza wiki nane, mama yake German Shepherd baba yake wa mtaani tu, nimemwita Tomi. Lengo ni ulinzi maana hapa tulipo tumeshaibiwa mara mbili mwaka huu, mara ya pili wamebeba mtungi wa gesi na nguo zote kwenye kamba mchana kweupe.

Sasa shida ni haja. Anakojoa kila sehemu, sebuleni, chini ya meza ya tivii, kwenye viatu, yaani unadeki hapa anaachia pale. Haja kubwa ndo usiseme, jana mwanangu wa miaka minne kakanyaga asubuhi akiwa peku akatembea nayo mpaka kitandani. Mke wangu amevumilia siku sita ila naona sasa amechoka, na simlaumu kwa sababu anayefuta ni yeye.

Ratiba yetu iko hivi: mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda Kariakoo narudi saa mbili usiku, mke yupo nyumbani mpaka saa tano halafu anaenda gengeni kwake hapo nje barabarani, ni karibu anaweza kurudi mara moja moja. Chakula namwachia sinia la ugali na maziwa ya ng'ombe asubuhi, anakula muda anaotaka mpaka jioni, maji yapo muda wote. Mavi yake ni laini yanakaribia kuwa uji. Kuna jamaa kaniambia akikojoa ndani nimkamate nimsugue pua kwenye mkojo na kofi moja, nimefanya mara mbili na sasa akiniona anakimbilia chini ya kochi, na kukojoa hajaacha, anakojolea huko huko chini ya kochi. Roho inaniuma kwa kweli.

Kingine ni nyumba ya kupanga, tuko familia nne uwanja mmoja. Jirani yetu ni mama mtu mzima, Muislamu, anaswali barazani kwake, na mwenye nyumba kakubali mbwa kwa sharti kwamba yule mama asipate kero. Tomi nimeshamuona anaelekea kule mara mbili. Nahitaji ratiba inayotekelezeka kwa watu kama sisi, sio ya mtu mwenye mfanyakazi na bustani.

mzee wa kibamba

Mkuu anza kwa kuondoa hilo sinia leo leo. Mbwa mdogo akishakula tumbo linaamka, ndani ya dakika tano mpaka nusu saa hivi lazima atoe. Sasa wewe chakula kipo siku nzima analamba kidogo kidogo, utajuaje saa ngapi anataka kutoka? Mpe chakula kwa saa, acha dakika kumi na tano, toa chombo hata kama kimebaki, halafu mtoe nje. Maji mwachie, joto la Dar sio la kumnyima maji. Na hiyo ya pua acha kabisa.

Mama Nuru

Baba Rehema pole, na mpe pole mkeo. Nimelea watoto wa mbwa watano kwa miaka tofauti, watatu nikiwa Moshi kwa wazazi na wawili hapa Dar kwenye nyumba ya kupanga kama yako, kwa hiyo hilo la majirani nalijua.

Kwanza huyo mtoto hana kiburi. Mwenye miezi miwili kibofu chake ni kidogo na hajaweza kubana, akiwa ametulia au amelala anaweza kukaa kama saa mbili, tatu akijitahidi sana, akiwa anacheza ni nusu saa tu. Kwa hiyo anapokojoa chini ya meza hajakukosea, muda wake umefika na hakuna aliyemtoa. Ukimsugua pua hajifunzi kwamba ndani hapafai, anajifunza kwamba baba akiniona nikikojoa napigwa, ndo maana anajificha chini ya kochi. Ubaya wake ni kwamba baadae hata ukimtoa nje atakuwa anaogopa kukojoa mbele yako, mtasimama dakika ishirini hafanyi kitu, mkiingia tu ndani anaachia. Mbwa wangu wa pili alifundishwa hivyo na kaka yangu na ilinichukua mwezi mzima kumrudishia imani. Kwa hiyo kwa siku mbili tatu kaa nae chini sakafuni, mlishe kwa mkono, asahau.

Ratiba niliyokuwa nafanya, badilisha kulingana na kwenu. Umri huu ni milo minne kwa siku mpaka afike miezi mitatu, halafu mitatu mpaka miezi sita, baada ya hapo miwili. Wewe unaamka saa ngapi, kumi na moja? Basi ukiamka tu kabla hujapiga mswaki MBEBE, usimwache atembee, maana akitembea kutoka chumbani mpaka mlangoni atakojoa njiani. Mpeleke sehemu moja, kona ile ile kila siku, mweke chini simama kimya usicheze nae. Akianza kuinama sema neno lako, mimi nilikuwa nasema "haya, kojoa", akimaliza msifie hapo hapo na umpe kipande kidogo cha dagaa. Hapo hapo nasema, sio mkishaingia ndani, kwa sababu ukimpa ndani anadhani zawadi ni ya kuingia ndani. Halafu saa kumi na mbili anapewa mlo wa kwanza, anatolewa tena, ndo unaondoka kazini.

Mama Rehema mlo wa pili ampe saa nne na nusu kabla hajaenda gengeni, amtoe, akishamaliza ndo amfungie. Mlo wa tatu saa tisa hivi akirudi mara moja, na hapo katikati arudi walau mara moja kumtoa, au kama genge liko hapo nje kama unavyosema akae nae chini ya meza kwenye boksi, mbwa wangu mmoja kakulia gengeni kabisa. Mlo wa mwisho saa moja, sio zaidi ya hapo, na kabla ya kulala anatolewa saa nne, saa tano. Nje ya milo anatolewa kila anapoamka usingizini, kila akimaliza kucheza, na ukimwona anazunguka ananusa nusa chini au anaachana na mchezo ghafla anaenda pembeni. Ukizijua hizo dalili utakuwa umepunguza nusu ya kazi.

Usiku, boksi. Tafuta boksi gumu au sanduku la mbao, liwe la kumtosha kusimama na kujigeuza tu, usimwekee kubwa kama chumba maana atafanya kona moja choo na kona nyingine kitanda. Mbwa hapendi kulala kwenye mkojo wake. Mweke karibu na kitanda chenu, sio jikoni peke yake, wiki zilizopita alikuwa analala na mama yake na ndugu zake. Atalia, usiku wa kwanza na wa pili. Weka alamu ya saa nane, mtoe, akojoe, mrudishe bila maneno mengi wala taa kali. Baada ya kama wiki mbili unaisogeza mpaka saa tisa, saa kumi, mwishowe anaunganisha.

Kusafisha: usitumie vile vyenye amonia kwa sababu mkojo wenyewe unanukia hivyo, ni kama unamwambia choo ni hapa. Na jiki usimwage juu ya mkojo mbichi, unatoka mvuke mbaya wa kuchoma kifua na una mtoto mdogo. Futa kwanza na kitambaa kikavu, halafu sabuni, halafu siki nusu maji nusu, acha ikauke. Chini ya kochi uanze hapo leo.

afisa mifugo mstaafu

Mama Nuru amemaliza upande wa ratiba, mimi naongezea afya maana kwenye maelezo ya mleta mada kuna vitu vitatu vimenishtua.

Cha kwanza maziwa ya ng'ombe. Watoto wa mbwa wengi hawasagi vizuri sukari iliyo kwenye hayo maziwa, ndo hayo mavi ya uji. Mbwa anayeharisha huwezi kumfundisha choo, haja inamtoka mwenyewe hajui. Acha maziwa, mpe maji safi. Na ugali peke yake ni tumbo kujaa tu, protini haitoshi kwa mnyama anayekua kwa kasi hiyo. Changanya nusu ugali au wali, nusu dagaa, samaki, mapupu au maini yaliyochemshwa (maini yasiwe kila siku), weka na karoti au mchicha kidogo. Dagaa osha mchanga wote, chukua wasio na chumvi, kaanga bila mafuta kisha twanga na mifupa yao, hapo anapata na chokaa ya kujenga mifupa. Nimeona watu wengi wanamlisha jamii ya Shepherd nyama tupu isiyo na mfupa wakidhani wanamtunza, anafika miezi minne miguu imepinda. Ukiweza kununua chakula cha dukani cha mbwa wadogo wanaokua ni sawa, badilisha taratibu kwa siku saba, leo kidogo kesho kidogo zaidi, usihamishe ghafla. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vyenye ncha, wala vitunguu, wala chokoleti.

Ugali uliovunda au pumba yenye ukungu usimpe hata kama ni ya bure. Sumukuvu inaua mbwa kwa kuharibu ini, na mbwa ni dhaifu sana kwa sumu hiyo. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Ukambani kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, sasa fikiria kiumbe cha kilo nne.

Cha pili minyoo. Sijaona umetaja dawa. Umri huu alitakiwa awe ameshapewa zaidi ya mara moja, kawaida ni kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili mpaka wiki ya kumi na mbili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Mpime uzito kwanza, hata mizani ya gengeni kwa mkeo inatosha, dawa inatolewa kwa kilo. Hili ni la mtoto wako pia. Minyoo ya mbwa inahamia kwa watoto, ile safura ya mbwa inaingia kwenye ngozi ya mguu wa mtoto anayetembea peku, unaona mistari mistari inawasha. Habari njema ni kwamba mayai yakitoka na mavi hayaambukizi saa hiyo hiyo, safura inachukua kama wiki, ile minyoo mingine mirefu wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo ukiokota mavi siku hiyo hiyo na kuyatupa chooni, umekata njia kubwa. Koleo liwe karibu na hiyo kona.

Cha tatu chanjo. Parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaomfanya mbwa aharishe damu, inaua sana watoto wa mbwa, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Chanjo ya mchanganyiko inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Kabla ya hapo huyo mtoto asitembezwe barabarani wala kunusa mavi ya mbwa wa mtaani, kona yake iwe ndani ya uzio. Kichaa cha mbwa anachanjwa akitimiza miezi mitatu, usiruke. Kuhusu jiki, Mama Nuru yuko sahihi kwenye mkojo mbichi, ila kama uwanja huo uliwahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuharisha damu, sakafu ya saruji ioshwe kwanza na sabuni, halafu jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, ikae dakika kumi. Sabuni peke yake haiui kirusi hicho.

Akitapika, akaharisha damu, akakataa kula na kulala tu, usisubiri kesho wala usiulize huku mtandaoni, mbebe kwa daktari saa hiyo.

Kamau_wa_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ningesema tofauti kidogo na Mama Nuru kuhusu kulala ndani. Kama mbwa ni wa ulinzi na atalala nje akikua, ukimzoesha chumbani utamhamisha kwa kilio mara ya pili. Wangu nilimjengea kijumba cha mbao kwa veranda kutoka wiki ya tisa, na matandiko ya gunia na chupa ya maji moto imefungwa kwa kitambaa, huku kwetu usiku ni baridi, alilia siku mbili akanyamaza. Alijifunza choo haraka sababu hakuwa ndani.

Chakula mimi natumia omena, hao ndio dagaa wenu, na unga wa dona, napika sufuria moja kubwa Jumapili naweka kwa friji kwa vikombe, kila mlo kikombe kimoja napasha kidogo. Kipimo ni mbavu, ukipapasa uzisikie kwa vidole lakini usizione kwa macho. Tumbo likibaki limefura kama ngoma hata kabla ya kula hiyo ni minyoo, si shibe.

Mama Nuru

Kamau nakuelewa na kwa mwenye veranda yake ni sawa, ila yeye uwanja ni wa familia nne, mtoto wa wiki nane akilia usiku kucha nje atafukuzwa nyumba kabla mbwa hajakua. Ndani mpaka miezi minne, halafu kijumba kinaletwa mlangoni anahama taratibu.

Baba Rehema (Tabata)

Asanteni sana yaani sikutegemea, nimemsomea mke wangu yote. Sinia limeondoka, maziwa yamesimama, kesho mchana narudi mapema nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Friji hatuna kwa hiyo tutapika asubuhi na jioni. Bado nina wasiwasi na jirani. Kona pekee yenye udongo iko nyuma ya choo cha nje, na ili kufika kule unapita mbele ya baraza lake. Nisingependa yule mama avunjiwe heshima, ndiye aliyemshika mke wangu siku ya kujifungua.

Msabaha_Tanga

Assalam alaykum ndugu yangu. Mimi ni Muislamu na nina mbwa wawili shambani, wa ulinzi, na hilo kwetu linaruhusiwa, mbwa wa kulinda na wa mifugo na mashamba hana tatizo. Kinachomsumbua mama yako huyo ni najisi. Sisi wa madhehebu ya Shafii, na watu wa pwani wengi ndo huko, mate ya mbwa na unyevu wake ukigusa chombo au nguo inabidi paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo Tomi akipita mkavu mbele ya baraza siyo janga, akilamba mkeka wa kuswalia ni kazi kubwa kwa mtu mzima, na kama maji mnanunua kwa ndoo ndo kabisa.

Nenda kwake mwenyewe, usitume mtu wala usimwachie mwenye nyumba. Mwambie shikamoo mama, nimeleta mbwa kwa ajili ya wezi waliotusumbua sote, nimekuja kuomba unielekeze wapi apite na wapi asipite. Atakwambia, na ukishamsikiliza ameshakuwa upande wako. Halafu kwa vitendo: Tomi apite kule akiwa AMEBEBWA, kama Mama Nuru alivyosema, mpaka afike kwenye kona. Akikua kidogo ni kamba, hatoki mlangoni bila kamba. Kamba hiyo pia itamfundisha njia. Vyombo vyake, ndoo yake, kitambaa cha kufutia, vyote viwe vya kwake visichanganywe kwenye karo la wote, vioshee huko nyuma. Na saa za kumtoa zisigongane na saa za swala, alfajiri hasa. Wewe unaamka saa kumi na moja, na yeye muda huo yuko barazani na udhu wake. Mtoe kumi na moja kasoro robo au subiri amalize.

Baba Rehema (Tabata)

Wakuu narudi na mrejesho, leo ni siku ya kumi na moja.

Daktari alimpima, kilo tatu na nusu, kapewa dawa ya minyoo na kesho yake ilitoka minyoo kama tambi, mke wangu alishtuka sana, na sisi wenyewe na mtoto tumemeza za kwetu. Chanjo ya kwanza kachomwa, anarudi baada ya wiki tatu. Mavi yamekuwa magumu siku ya nne baada ya kuacha maziwa na hapo ndo nilianza kuona mabadiliko, kwa sababu sasa haja kubwa inakuja baada ya mlo wa asubuhi na baada ya mlo wa saa tisa, karibu saa ile ile kila siku, mara chache usiku.

Kukojoa ndani kumepungua, siku ya kwanza ya ratiba nilihesabu mara tisa, jana mara mbili, na zote mbili ni saa ambazo mke alibanwa na wateja akachelewa kurudi. Boksi ni la mbao la matunda kutoka gengeni, nimelipiga msumari likawa dogo zaidi. Usiku wa kwanza alilia hadi saa tisa, niliweka mkono wangu kwenye tundu akalala ameuegemea. Chini ya kochi haingii tena tangu juzi. Jioni nikirudi kazini nakaa sakafuni namlisha mlo wa mwisho kwa mkono, kwa hiyo nimesogeza wa saa moja ukawa saa mbili na robo na kumtoa mara ya mwisho saa tano, naona unaenda.

Kwa mama jirani nilikwenda kama Msabaha alivyonielekeza. Alinisikiliza akauliza mbwa anaitwa nani. Akasema nisimpitishe mbele kabisa hata kama nimembeba, akanionyesha kwamba nyuma ya jiko lake kuna upenyo niliokuwa siujui, umezibwa na mabati ya zamani, nikiyatoa nafika kwenye kona bila kugusa baraza. Jumapili nimeyatoa. Muda wa alfajiri tumepanga nimtoe kabla ya adhana.

Swali langu moja limebaki: mvua ikinyesha anakataa kabisa kushuka chini, ananing'ang'ania shati, nikimlazimisha anasimama anatetemeka hafanyi kitu, na masika ndo hayo yanakuja.

Mama Nuru

Nimefurahi sana aisee. Mvua wanaikataa wengi, tumbo lake liko karibu na chini anarushiwa maji ya baridi. Hayo mabati uliyotoa usiyatupe, yapige kwenye hiyo kona iwe kama kibanda kidogo, mita moja inatosha, chini mwaga mchanga mkavu, na kidogo weka ule udongo aliokwisha kukojolea aupate kwa harufu. Simama nae hapo na wewe, usimwache peke yake. Akifanya mpe dagaa wawili.